Risasi Ndani ya Mchele

Kwa miaka ishirini na sita mjomba wangu alifanya kazi ghalani bila kumpandishia mtu sauti. Wachuuzi walimtukana, wapagazi walimtania, mameneja walikuja wakaondoka, naye aliwajibu wote kwa sauti ileile ya mtu anayeulizia njia. Nayasema haya mapema ili atakayesikia aliyoyafanya baadaye asidhani kwamba alizaliwa mtu wa shari. Shari walimfuata nayo.

Watu walimwita Bambo, kwa jina la chombo chake cha kazi. Bambo ni kibomba cha chuma chenye ncha kali, kimepasuliwa upande mmoja, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Unalichoma ubavuni mwa gunia, nafaka inateremka mpaka kiganjani, na unajua kilichomo bila kufungua mshono. Mjomba aliitazama nafaka, akainusa, akatia punje moja kwenye jino. Punje kavu ilivunjika kwa mlio, mbichi ilibonyea. Aliweza kukuambia gunia lililolazwa sakafuni siku moja tu, na lile lililopakiwa karibu na pipa la mafuta ya taa. Wapo wakulima waliokuwa wakichanganya mchanga ili uzito upande, nao walikuwa wakimwona anakuja wanaanza kukohoa kabla hawajaulizwa. "Gunia halina haya," alikuwa akiwaambia, "mwenye gunia ndiye anayo." Akawarudishia mzigo wakapepete upya.

Hakujaliwa mtoto. Baba yangu alipofariki, mimi nikiwa darasa la pili, mjomba ndiye aliyesimama. Alininunulia sare za shule, na ndiye aliyekwenda kuniombea radhi kwa mwalimu nilipovunja kioo cha dirisha. Mama yangu, dada yake mdogo, alilima mpunga bondeni, ekari mbili kasoro kidogo, na mchele wake ulikuwa na sifa: mfupi, mnene, wenye mstari mwekundu tumboni, unanukia kabla maji hayajachemka. Mjomba aliukagua kwa ukali kuliko wa mtu mwingine yeyote, asije akasemwa kwamba anapendelea ndugu. Kila msimu akimaliza alimwambia, "Dada, namba moja." Mama alijifanya hajali, lakini jioni nzima alikuwa akiimba.

Kisha kikaja kiwanda.

Kilijengwa mlimani, juu ya bonde, mahali ambapo mfereji wetu unaanzia. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari. Walizipasua kwa shoka, tindikali ikamwagwa, vyuma vya ndani vikatupwa kwenye tanuru, na mwishoni vikatoka vipande vya kijivu mfano wa matofali ambavyo malori yaliyofunikwa turubai yalikuja kuvichukua. Siku ya ufunguzi wakubwa walivaa kofia ngumu wakapigwa picha. Tuliambiwa ajira zitakuja. Tuliambiwa moshi ule ni mvuke tu. Mvuke gani unaoacha ladha ya sarafu mdomoni?

Maji machafu waliyaelekeza mferejini. Mwaka wa pili bata wa mama walikufa, kumi na mmoja ndani ya wiki moja, wakizunguka kama walevi kabla ya kuanguka. Wakulima wakaandika barua, wakaipiga mihuri, wakaipeleka kiwandani kwa mkono. Jibu lilikuja baada ya miezi minne: kalenda. Kila kaya kalenda moja, ina picha ya bomba la moshi na maua mbele yake. Mama aliitumia kuwashia jiko. Majirani wengine waliitundika ukutani, na mimi siwalaumu. Mtu asiye na wa kumlilia hutundika hata kalenda.

Binti yangu alizaliwa kiwanda kikiwa na miaka minne. Tulikuwa tukiishi kwa mama, nyumba ileile niliyokulia. Alianza kuongea mapema na hakunyamaza tena, hata usingizini, ndiyo maana mjomba akamwita Kasuku. Kila aliyepita barabarani aliulizwa anatoka wapi, amebeba nini na kwa nini. Alipotimiza miaka mitatu alijua kuhesabu mpaka ishirini, akiruka kumi na tatu kwa sababu alisema haimpendezi.

Alipokaribia miaka mitano akaanza kulalamika tumbo. Choo kikawa kigumu, akakataa chakula, akakonda mpaka viwiko vikachongoka. Zahanati wakasema ni minyoo. Nikampa dawa za minyoo, nikarudi, wakanipa tena, nikarudi mara ya tatu, nesi akaniuliza kama ninamnawisha mikono kweli. Kumbe wakati wote huo maneno yalikuwa yanampungua. Kwanza aliacha kuuliza kwa nini. Kisha akawa anaanza sentensi na kuiacha njiani, ananitazama kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kuhesabu kukaishia sita.

Nilimpeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, amehamia wiki chache tu nyuma, na alikuwa wa kwanza kuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: mnaishi karibu na nini? Nikamtajia kiwanda. Akaiweka kalamu chini, akatoa damu, akaipeleka yeye mwenyewe maabara. Siku majibu yalipotoka tulikuwa ofisini kwake mimi, mama na mjomba.

"Mtoto ana risasi," akasema.

Mama akasimama. "Kampiga nani?"

Daktari hakucheka. Akamwomba mama akae, akaeleza kwamba ni ile risasi inayoyeyushwa, madini yenyewe, na kwamba ikiingia kwenye damu ya mtoto inakwenda kwenye mifupa na kwenye ubongo. Kipimo kikizidi tano tu wao huanza kuhangaika. Cha Kasuku kilikuwa hamsini na mbili. Inaingia kwa vumbi, kwa mikono, kwa maji. Na kwa chakula, kama shamba linanyweshwa maji hayo. Akaniuliza mtoto anakula nini.

Nikamwambia. Uji wa mchele, asubuhi, mchana na jioni. Mchele wa bibi yake. Tena hatukuukoboa mpaka pumba ziishe, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa pumba zina nguvu na mtoto alikuwa amekonda. Alipokataa nilimlazimisha. Nilimbana pua ili afungue mdomo, nikamtia kijiko. Kadiri alivyodhoofika ndivyo nilivyomwongezea. Sitaki mtu aniambie kwamba sikujua. Najua kwamba sikujua. Waliojua walikuwa juu ya mlima wakichapisha kalenda.

 Mjomba akamuuliza daktari inanukaje. Daktari akasema haina harufu. Ladha? Kwa kiasi kilichomo kwenye mchele, hakuna. Rangi? Hakuna.

"Sasa mimi," mjomba akasema, "miaka yote hii nilikuwa nachoma magunia ya nini?"



Kasuku akalazwa kutibiwa. Daktari akawapima watoto wengine wanne wa bondeni na wote walikuwa nayo, akaandika ripoti, na serikali ikamtuma mkaguzi ghalani kuchukua sampuli za mchele wetu. Mjomba aliifanya kazi ile kama mtu anayeswali. Alichoma kila gunia la kumi, juu, katikati na chini. Akamwaga yote kwenye turubai safi, akachanganya, akagawa mafungu manne, akaondoa mawili yanayotazamana, akachanganya tena, mpaka ikabaki kilo mbili zinazosema ukweli wa magunia mia tatu. Akatia kilo moja kwenye mfuko wa mkaguzi na nyingine kwenye kopo la ghala, akafunga kwa nta, meneja akasaini juu ya nta. Kisha mkaguzi akaingia ofisini kwa meneja kunywa chai, na mlango ukafungwa.

Ripoti ilirudi baada ya wiki tatu. Salama kwa matumizi ya binadamu, ilisema. Meneja aliibandika ubaoni ili kila mtu aione. Wakulima wakashukuru Mungu, na wengine wakaanza kunong'ona kwamba mtoto wangu alikuwa na kasoro tangu tumboni. Mjomba aliisoma mara mbili, mstari kwa mstari, na kwenye ukurasa wa pili akakuta maelezo ya sampuli: mchele mrefu, mweupe.

Mchele mrefu mweupe haujawahi kuota bondeni kwetu. Ule ni wa nyanda za juu, ulikuwa umepangwa upande wa pili wa ghala.

Akaichomoa karatasi ubaoni akaenda nayo ofisini. Yaliyosemwa mule ndani nimeyapata kwake na kwa wapagazi, nao wanaafikiana.

"Huu sio mchele nilioutoa mimi."

"Bambo, karatasi ina muhuri."

"Muhuri sio mchele."

Meneja akamkaribisha kiti. Akamweleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni, kwamba nusu ya ghala inajazwa na bonde, kwamba wanunuzi wakisikia neno risasi watakimbia, na kwamba atakayelala njaa ni dada yake, sio meneja. Halafu akasema neno ambalo nadhani hakulipima. Akasema, "Na watoto wa bondeni, tuwe wakweli, ni wazito wa kichwa tangu zamani."

Hapo ndipo sauti ilipotoka, ya miaka ishirini na sita. Waliokuwa kwenye mizani ya nje, ng'ambo ya uwanja, walisikia kila kitu. Nilipowauliza alisema nini hasa, walitazamana, wakaniambia mengine hawawezi kuyarudia mbele ya mtoto wa dada yake.

Lakini kelele haziponyi damu, na mjomba alilijua hilo. Kesho yake, saa nne asubuhi, alifungua kabati la chumba cha mizani ya zamani, ambako hakuna meneja aliyewahi kuingia kwa sababu kuna popo. Kanuni ya ghala ilitaka sampuli za akiba zitunzwe mwaka mmoja, kisha zitupwe. Mjomba hakuwahi kutupa. Hakuwa na sababu kubwa. Alisema tu kwamba kutupa chakula ni dhambi, na kumpa kuku kitu chenye saini ni kukosa adabu. Kabatini mlikuwa na makopo ya miaka kumi na tano, kila msimu kopo lake, na kila kopo lina tarehe, jina la bonde, na saini ya meneja wa wakati huo juu ya nta. Miaka sita kabla ya kiwanda. Miaka tisa baada yake.

Akayapakia kwenye toroli akatoka nayo kwenye lango kuu, mbele ya askari. Askari akamuuliza anapeleka wapi mali ya ghala. Akajibu, "Mwizi hutoka kwa dirisha. Mimi natoka langoni, andika saa." Askari akaandika saa.

Daktari alimjua mkemia mmoja wa chuo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mkemia alizikagua nta kwanza, akapiga picha kila moja, ndipo akafungua kwa kukata pembeni, saini zisiharibike. Ilimchukua mwezi. Mchele wa miaka sita ya mwanzo ulikuwa na risasi kidogo mno kiasi kwamba mashine ilibabaika kuisoma. Mwaka wa kwanza wa kiwanda ilipanda. Mwaka wa tatu ilivuka kiwango kinachoruhusiwa. Wa tano, mara tatu yake. Kopo la mwisho, pacha wa ule mfuko wa mkaguzi, lilikuwa mara saba, pamoja na kadimi, madini mengine ambayo mkemia alisema hula figo taratibu kama mchwa. Alichora mstari kwenye karatasi. Ulikuwa umelala, umelala, halafu unapanda kama ngazi.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi ya bondeni, wakulima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Kiwanda kilimleta msemaji wake, amevaa suti, ana maneno laini. Alisema kampuni inasikitika pamoja na wazazi. Alisema udongo wa bonde una risasi ya asili tangu dunia iumbwe, na kwamba si haki kumlaumu jirani kwa kazi ya Mungu. Mkubwa wa wilaya alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Mjomba akasimama. Akayapanga makopo yote kumi na tano juu ya meza ya mwalimu, kwa mwaka, bila haraka, mpaka msemaji akakosa pa kuweka karatasi zake. Akaeleza kila kopo ni la lini na limekutwa na nini. Alipomaliza akasema, "Kama ni kazi ya Mungu, basi Mungu alianza kazi mwaka uleule mliowasha tanuru."

Msemaji akajibu kwamba makopo ya mtu binafsi si ushahidi, yeyote anaweza kujaza kopo. Mjomba akamgeukia meneja, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akamwomba aje asome saini kwenye yale makopo matano ya mwisho. Meneja akasema hakuja na miwani. Mama yangu akaivua yake akampitishia, mkono kwa mkono, dawati kwa dawati, mpaka ikamfikia. Darasa zima lilimgeukia. Akainuka, akaivaa, akasoma jina lake mara tano.

Ningependa kusema kwamba siku ile haki ilitendeka. Kilichotendeka ni hiki. Kiwanda kilifungwa baada ya miezi mitatu, na miezi mitatu yote hiyo kilifanya kazi kutwa kucha. Hakuna aliyeshtakiwa. Mkaguzi alipewa onyo kwa maandishi. Meneja alihamishwa, akapelekwa kwenye ghala kubwa zaidi. Mjomba alifukuzwa kazi kwa kosa la kutoa mali ya ghala bila kibali, na ushahidi uliotumika ulikuwa ule mstari wa askari wenye saa. Tanuru ziling'olewa zikahamishiwa bonde lingine, mwendo wa siku moja kutoka kwetu, chini ya jina jipya.

Mchele wetu ukapigwa marufuku, na hapo ndipo hasira ya bonde ilipopata mtu wa karibu. Juu mlimani palikuwa hapana wa kumpigia kelele, mjomba alikuwepo. Jirani mmoja alimwambia usoni, "Ungenyamaza tungekufa polepole. Sasa tunakufa haraka." Wengine waliacha kuitikia salamu yake. Hayo aliyabeba. Lililomvunja ni la mama.

Mama hakumlaumu kwa kusema. Alimlaumu kwa mengine. Alikuja siku moja kutoka shambani, akamkuta amekaa kwetu na Kasuku, akamwambia, "Kaka, miaka tisa ulikuwa unaniambia namba moja. Mimi nikaamini, nikampikia mjukuu wangu. Bora ungeniambia hujui."  Mama akaingia ndani, na kwa miezi saba hakumsemesha tena.

Nilikasirika na mama. Nilikasirika na yule jirani. Kisha nikaona kwamba huo ndio ujanja wenyewe: waliotia sumu wameshaondoka, na sisi tunagombana wenyewe kwa wenyewe katika uwanja waliouacha. Tangu nilione hilo hasira yangu haizunguki tena. Inajua pa kwenda. Kila mwezi naandika barua, kwa wilaya, kwa wizara, kwa jina lile jipya la kampuni, na kila moja naiambatanisha na ule mstari wa mkemia. Sijapata jibu. Hata kalenda sijapata.

Watu wa bonde lile la pili walimsikia mjomba wakamwita. Alikwenda, akakaa kwao siku tano, akawaonyesha namna ya kuchoma gunia, kugawa mafungu na kufunga nta. Aliwaambia waanze kuweka makopo leo hii, kabla tanuru haijawashwa, na saini ziwe za wakubwa. Alirudi amechoka, akaniambia bomba la moshi tayari limesimama na watoto wa pale wanacheza chini yake.

Kasuku sasa ana miaka saba. Damu yake imeshuka mpaka kumi na nane, na daktari anafurahi, nami nafurahi kwa sababu ya daktari. Maneno yamerudi, sio yote. Darasani amekaa na watoto wadogo kuliko yeye. Anapopewa hesabu hutazama kwanza uso wa mwalimu, kutafuta jibu humo. Daktari hakunidanganya: yaliyopotea huenda yasirudi. Wale wa juu mlimani wana watoto pia, nasikia wanasoma vizuri.

Shamba la mama limekatazwa nafaka ya aina yoyote, kwa miaka ambayo hakuna aliyeweza kuitaja. Hakupanda kitu. Lakini mvua zilipokuja, mpunga uliodondoka msimu wa mwisho ukajiotea wenyewe, na maotea yale yalistawi kuliko shamba lolote alilowahi kulima. Masuke yaliinama kwa uzito. Wapita njia walisimama kutazama, na mama alijua kwamba siku moja mwenye njaa atakuja na kisu.

Asubuhi moja akaingia shambani akaanza kuyang'oa. Alikuwa akishika shina, anavuta kwa nguvu zote mpaka udongo unamrukia usoni, analitupa nyuma bila kutazama. Nilimwendea kumsaidia. Saa tatu hivi mjomba akatokea kwenye tuta, hakuitwa na mtu. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye matope upande wa pili, akaanza kung'oa naye.

Walifanya kazi mpaka jua likawa la utosi, bila kusemezana, wakisogeleana mstari kwa mstari. Tulichimba shimo refu, tukayatupa yote humo, mazuri vile yalivyo, tukafukia. Mjomba akawa anaosha mikono kwa maji ya dumu tuliyokuja nayo, maana ya mferejini hatuyagusi. Mama akamtazama.

"Kaka," akasema, "umeacha mashina pale kwenye kona."

Mjomba akaenda kuyang'oa.